Ukuta Uliokunywa Udi

Bukoto, Kampala
3 Machi 2024

Mjomba Masinde,

Shikamoo mara mbili, moja yako na moja ya goti la Anti, ambalo nasikia bado linamsumbua. Sisi huku tu wazima. Nabangala ameota jino la pili na tangu juzi anauma kila kitu: kijiko, kandambili, bega la baba yake Odera. Huyo bado anachomelea mageti pale karibu na soko, na mimi bado ninayapaka rangi, mtoto mgongoni.

Ningekupigia simu, lakini sikio lako moja limestaafu na la pili linafanya kazi nusu siku. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi linalopita Malaba, aiache dukani kwenu Bungoma. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo makosa utayaruka.

Sasa sikiliza kilichonifanya nitafute kalamu. Wiki mbili zilizopita tulipeleka geti Old Kampala, nyumba moja ya Wanubi chini ya msikiti mkubwa. Mwenye nyumba ni mama mmoja anaitwa Sitti, ana sauti ya kuamrisha jeshi. Akapitisha kidole kwenye geti.

"Nani amepaka hii?"

"Mimi, mama."

"Wewe? Na mtoto mgongoni?"

"Yeye ndiye msimamizi," nikasema.

Akacheka. Akauliza mimi ni mtu wa wapi. Nikamwambia ni Mbukusu wa Kenya, mpwa wa Masinde fundi rangi, ambaye mama yangu alisema aliwahi kupanga chumba mtaa ule. Mjomba, yule mama aliweka kikombe chini.

"Masinde wa rangi? Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilitaka awe hai." Lakini hakusema anakutakia uhai wa nini.

Akanipeleka chumba cha nyuma. Binti yake Bushira anaolewa tarehe 29 Juni, na humo ndimo bibi harusi atakaa ndani tangu siku ya hina mpaka achukuliwe. "Utapaka wewe," akasema. "Ikitoka vizuri, nyumba yote ni yako, ndani na nje, hata vyumba vya wapangaji. Ikiharibika, jina la Masinde lisitajwe tena kwa hiki kilima."

Nikasema, "Kale, mama, nimekubali. Mimi ni fundi."

Mjomba! Fundi wa nini? Mimi nimepaka mageti!

Jana nikaanza. Nikachovya rola, nikaipandisha ukutani, na rangi ikanikimbia. Sisemi uongo. Ilijikusanya ikaacha vitundu vya mviringo, mamia, kama macho ya samaki yananitazama. Nikapaka tena, yakafumbuka tena. Niambie nifanye nini, maana naitaka kazi hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Na ukipata nafasi, niambie yule mama anakujulia wapi.

Mpwa wako,
Nakhisa


Bungoma
19 Machi 2024

Mpwa wangu Nakhisa,

Salamu zimefika. Mvua imeanza, mahindi yako ardhini. Ng'ombe amezaa dume, tulitaka jike. Mpe mtoto karoti ngumu atafune, amwache Odera.

Weka rola chini. Rangi haikukimbii wewe, inakimbia mafuta. Ukuta uliofukizwa udi na ubani miaka mingi, na watu wakauegemea na mafuta ya sandali kichwani, hauwi ukuta tena, ni kikaango. Rangi haishiki kikaango. Ukilazimisha itajifanya imeshika, kisha siku chumba kikipata joto itavimba na kubanduka vipande vipande.

Kwangua yote uliyopaka. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, anzia chini kwenda juu, maana ukianzia juu, michirizi ya uchafu hukauka kwenye sehemu kavu na kuacha alama. Suuza. Osha tena. Utaacha siku maji ya kusuuza yatakapotoka meupe, si siku utakapochoka. Ukuta ukikauka, bandika solotepu, isugue kwa kidole, ing'oe kwa ghafla. Ikija na rangi ya zamani, bado unakwangua.

Ukuta wa kushoto wa dirisha ndio mbaya kuliko yote. Usiuonee huruma.

Mjomba wako,
Masinde


Bukoto
6 Aprili 2024

Mjomba wangu,

Natumaini goti limepata nafuu na yule dume ameshapewa jina. Nabangala anatambaa kwa kasi ya boda, na karoti ameikataa, anamtaka baba yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa ajili ya sabuni. Mara ya pili na ya tatu kwa sababu mimi sikukuandikia neno udi. Sikukuandikia neno dirisha pia. Mjomba, umejuaje ukuta wa kushoto?

Subiri, nitafika hapo. Kwanza nikuambie nimeosha. Siku ya kwanza maji yalitoka kama chai ya rangi. Siku ya pili kama chai ya maziwa. Na harufu! Chumba kizima kikaanza kunukia harusi za watu wote walioolewa humo, mpaka jirani akachungulia kuuliza kama sherehe imesogezwa mbele. Siku ya sita maji yakatoka meupe, nikaruka nikamwagia miguu yangu ndoo nzima. Solotepu nayo ilikuja tupu. Nimeiweka kwenye daftari kama picha.

Sasa, huu ni mwezi wa kufunga. Jioni Mama Sitti hukaa kibarazani kungoja magharibi, na mtu mwenye njaa anapenda kusimulia. Juzi aliniita.

"Ya binti, kaa hapa. Unajua hiki chumba nani alipaka kwa harusi yangu? Mwaka ile ya tisini na mbili? Mjomba yako! Kijana mzuri, anatembea kama barabara ni yake. Nilitaka rangi ya waridi. Akapaka waridi, inang'aa, watu wote wanasema mashallah. Siku ya hina nikakaa kwa mkeka, nimepakwa mikono na miguu, siwezi kushika kitu. Wakaleta chetezo cha udi, wakafunga mlango. Joto likapanda. Ruqaiya, dada yangu, akasema, 'Sitti, ukuta inapumua.' Nikaangalia. Malengelenge! Kubwa kama mandazi! Halafu ikaanza kuanguka. Waridi kwa nywele, waridi kwa hina, waridi kwa mafuta yote tuliyojipaka. Wallahi, mimi niliolewa nimevaa ukuta."

"Na fundi?" nikauliza.

"Fundi hakuna. Ngazi ipo."

Mjomba, nilicheka mpaka mtoto akaanza kulia, kisha nikaacha kucheka, nikakukumbuka wewe. Ulitufundisha kuwa kazi ikiharibika unabaki unairekebisha. Kwa nini uliondoka?

Nakhisa wako


Bungoma
4 Mei 2024

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Maharagwe yalitaka palizi, tena kulikuwa na kipaimara. Anti anakusalimu, na goti limetulia tangu aache kulisema.

Mwezi wa tano Kampala ni maji tu. Ukuta unaweza kuwa mkavu usoni na mbichi ndani, na unyevu ukitafuta njia ya kutoka utaisukuma rangi yako iwe malengelenge. Kata kipande cha nailoni, ukibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne, ulale. Asubuhi ukikuta kimetoka jasho kwa ndani, usipake. Ngoja. Fungua madirisha, ngoja tena.

Hayo mengine uliyouliza, kalamu imeishiwa wino.

Kuhusu andakoti, ile rangi ya chini ya kwanza: usitumie ya maji. Masalio ya moshi yaliyobaki ndani ya plasta huyeyuka yakikutana na maji, halafu yanapanda juu yakakuletea madoa ya manjano, na ukiongeza koti la rangi la tatu na la nne yanapanda nayo. Tumia andakoti ya mafuta, nyembamba, uifunge ile manjano huko chini. Iache mpaka kesho yake. Kisha ndiyo emalsheni, rangi yenyewe ya juu, makoti mawili membamba, si moja nene. Koti nene linatiririka machozi na likikauka linajikunja kama utando wa maziwa. Ukianza ukuta, umalize ukuta. Usiende kunywa chai katikati, maana pale ulipoachia patakauka na kuacha mstari, na mstari huo utauona mpaka uzeeni. Koroga rangi mpaka chini ya mkebe, la sivyo nusu ya ukuta itang'aa na nusu itakuwa na usingizi. Usipake juu ya vumbi. Usipake mtoto akiwa karibu.

Masinde


Bukoto
19 Mei 2024

Mjomba,

Hongera ya kipaimara, na pole kwa wino kuisha. Nimestaajabu sana jinsi ulivyoisha kwa swali langu halafu ukarudi kwa andakoti na kujaza ukurasa mzima! Hiyo kalamu inauzwa wapi? Nami niinunue, Odera akiniuliza chakula kiko wapi.

Nailoni ilitoka jasho siku tano. Mama Sitti alikuwa anakuja kila asubuhi, anashika kiuno. "Fundi, leo?" "Bado, mama, ukuta unatoka jasho." "Hata mimi natoka jasho, mbona napakwa poda?" Siku ya sita ikawa kavu. Andakoti nikaipaka, na doa moja tu la manjano lilichungulia, upande wa kushoto wa dirisha bila shaka. Nikalifunga tena. Halijarudi.

Rangi ilileta vita. Bushira anataka kijani cha parachichi. Mama yake anataka waridi, tena ile ile. "Nataka kuimaliza," alisema tu, na Bushira akaliacha parachichi lake. Basi ni waridi. Koti la kwanza Jumatatu, la pili Jumatano, na Mjomba, niliposimama mlangoni rangi ilikuwa imelala kama shuka iliyopigwa pasi. Hakuna jicho, hakuna chozi, hakuna mstari. Nikapiga magoti pale pale nikasali kidogo, nusu sala nusu kucheza.

Halafu Nabangala akasimama. Kwa mara ya kwanza! Mwenyewe! Alijivuta, akasimama, akapiga makofi, na alichokuwa amekishika kilikuwa ukuta mbichi. Viganja viwili vya waridi vikabaki pale na vingine viwili vikaja shavuni kwangu. Nililia kwa furaha, nikalia kwa ukuta, sijui machozi gani yalikuwa ya nani. Nilijaribu kuziba pale tu kwa brashi, lakini kiraka kikaonekana kama kiraka. Nikalazimika kupaka ukuta mzima tena, kona hadi kona. Nimejifunza, usiniandikie. Ulishasema mtoto asiwe karibu.

Mama Sitti anasema hana hasira ya rangi. Hasira yake ni kwamba pilau ya harusi yake ulipakuliwa sahani, ikakaa mpaka ikapoa. Anasema mwaka huu kuna sahani nyingine. Hiyo ndiyo salamu aliyonituma, sikuongeza chumvi.

Utakuja?

Nakhisa


Bungoma
15 Juni 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Anti anasema mtoto akisimama anafungiwa shanga kiunoni, lakini uamuzi ni wako. Sisi tu wazima. Nimekaa na barua yako karibu mwezi, si kwa sababu ya maharagwe.

Fundi mkubwa aliyenifundisha aliniambia niuoshe ule ukuta. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nikaona kuosha ni kazi ya mtu asiyejua kupaka. Nikapiga makoti mawili kwa siku moja, nikasimama katikati ya chumba na kujisifu kwa sauti. Siku ya hina nilirudi kuchukua ngazi. Nikiwa uani nikasikia wanawake ndani wanapiga kelele. Nikajua. Sikusubiri kuona. Nilipanda basi na suruali ya kazi, waridi mpaka magotini. Tangu hapo sijapaka waridi, na watu wa hapa wanafikiri ni masharti ya kanisa letu.

Nimefundisha vijana kumi na wawili. Wote niliwaoshesha kuta mpaka wakanichukia, na hakuna niliyemwambia sababu.

Harusini siji. Lakini muulize Sitti jambo moja, kama anakubali kuulizwa. Zile kelele, walikuwa wanalia?

Na kabla sijafunga bahasha, mlango. Kama utaupaka glosi, ile rangi ya mafuta inayong'aa, uache wazi siku nne. Glosi inadanganya kidole. Juu inaonekana kavu na ndani bado mbichi, na ukifunga, mlango na fremu vinashikana kama ndugu. Sugua nta ya mshumaa kwenye kingo. Hili usilisahau.

Mjomba wako,
Masinde


Bukoto
3 Julai 2024

Mjomba wangu, Mjomba wangu,

Hamjambo wote? Sisi hatujambo, kila mtu ana shanga, hata mimi.

Barua yako ya Juni 15 imenifikia jana. Kondakta aliiweka kwenye koti, koti likaenda kwa dobi, na imekuja imepigwa pasi. Nilipofika mwisho, pale kwenye mlango, nilicheka mpaka Odera akazima mashine akidhani nimepigwa na umeme. Sasa nikuambie kwa nini.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, chumba kilikuwa kimekwisha na mimi nimebakiza glosi nyeupe ya mageti kwenye mkebe. Nikautazama mlango. Umezeeka, umechubuka. Nikasema, bibi harusi atokee mlango huu? Nikaupiga msasa, nikaupaka, ukang'aa kama jino la Nabangala. Jioni nikaugusa kwa kidole, mkavu. Nikajiita fundi.

Ijumaa wakamwingiza Bushira, wakafunga mlango, wakawasha chetezo. Mimi nilikaa ndani nao. Nilikaa kama mtu aliye mahakamani, macho kwenye ukuta wa kushoto wa dirisha. Moshi ukajaa, joto likapanda, jasho, hina, nyimbo. Ruqaiya, yule yule dada, akasogea mpaka ukutani akaweka sikio. "Haipumui," akatangaza. Wakapiga vigelegele! Wanauimbia ukuta, Mjomba! Hakuna hata lengelenge moja kubwa kama punje ya mtama. Usiku nilitoka wa mwisho, nikauvuta mlango nyuma yangu, nikaukaza kwa mikono miwili ili moshi usitoke. Mimi mwenyewe. Kwa mikono miwili.

Jumamosi saa saba bwana harusi, Taban, akafika na watu wake, kanzu nyeupe, koti juu, jua kali. Bushira ndani, Ruqaiya ndani naye, alikuwa amelala humo kumlinda. Sitti akagonga.

"Bushira, toka, wamefika."

"Mama, mlango haufunguki!"

"Sukuma!"

"Nasukuma!"

"Basi vuta!"

"Navuta, mama! Kitasa kimebaki mkononi!"

Dirisha lina nondo. Taban akasema kwa adabu, "Kama amebadili mawazo aseme tu, sina ugomvi, ni hili jua."

"Taban!" Bushira akapiga kelele. "Ukiondoka hapo utakuta nimeolewa na mwingine!"

"Mwingine nani?" Ruqaiya akamjibu humo humo. "Tuko mimi na wewe na chetezo!"

Watu wote wakanigeukia. Mjomba, geti la barabarani lilikuwa wazi nyuma yangu. Nililiona. Mtoto mgongoni, boda kumi zinangoja abiria. Miguu yangu ilikuwa imeshaelewa kabla yangu, na hapo nikakuelewa, sikucheka tena. Halafu nikasikia sauti yangu inasema, "Nipisheni. Ni kosa langu, na ninajua liko wapi."

Nikachukua skrepa nyembamba ya kukwangulia rangi, nikaipitisha kwenye ufa kuanzia juu, polepole, nakata rangi peke yake nisiguse mbao. Upande mmoja, juu, upande wa pili. Nikaweka kipande cha ubao karibu na tundu la kitasa, nikagonga kwa nyundo, tok, tok. Ukaachia kwa sauti ya plasta inayong'olewa kwenye kidonda, na Bushira akatoka mbio akiwa na kitasa mkononi kama ua, mstari mweupe wa glosi begani, akaenda moja kwa moja kwa Taban. Vigelegele vilisikika mpaka msikitini, nadhani. Nami nikabaki nimeshika skrepa, nangoja hukumu.

Sitti alinijia. Alikuwa anacheka mpaka kilemba kimelala upande. "Mimi niliolewa nimevaa ukuta," akasema, "na binti yangu ameolewa amevaa mlango! Hiyo ni mkono ya familia yenu!" Kisha akanishika kidevu. "Lakini wewe ulibaki. Nyumba ni yako. Anza Jumatatu na ukuta ya barabarani."

Nikamwambia, "Jumatatu hapana, mama. Kwanza nibandike nailoni, nione kama umekauka."

"Ehe," akawaambia watu, "mnamsikia fundi?"

Swali lako nilimpelekea jana, barua ikiwa bado na joto la pasi. Alikaa chini. Akasema, "Kulia? Nani alilia? Tulicheka! Tulicheka mpaka hina ikaharibika, wakanipaka upya. Ruqaiya alijikojolea, muulize. Tulitoka nje kumwita aje aone, acheke na sisi." Akasema, "Miaka yote hii alifikiri nalia?" Kisha akanituma nikuandikie kwamba sahani ya mwaka huu pia imepoa, na subira yake si kubwa kama nyumba yake.

Mpwa wako,
Nakhisa


Bungoma
21 Julai 2024

Mpwa wangu Nakhisa,

Tu wazima. Barua yako niliisomea mezani, na nilipofika pale walipokuwa wanacheka nilivua miwani nikampa Anti barua aendelee. Akasoma pale mara tatu. Kisha akaniuliza kwa nini miaka thelathini na miwili sikumwambia, nikamjibu kalamu iliishiwa wino, na hakuona cha kuchekesha, kisha akaona.

Mwambie Sitti ninakuja mwezi wa nane, tukishavuna. Sitaki pilau iliyopoa.

Sasa kuna jambo hapa. Ukuta wa sakristia ya kanisa letu, upande wa tangi la maji, unatoa unga mweupe kama chumvi. Nimeupiga brashi, nimeupaka upya mara mbili katika miaka minne, na kila baada ya mvua unga unarudi na kuisukuma rangi nje. Vijana wanasema ninunue rangi ya bei kubwa. Mimi nahisi ugonjwa hauko kwenye rangi, lakini ukuta huo nimeutazama mno hata siuoni tena.

Wewe ungeanzia wapi? Jibu upesi. Askofu anakuja Septemba, na padri nimeshamwambia asiguse kitu, tunangoja neno la fundi wa Kampala.

Masinde